Flopi: Diski Nzima, Data Haisomeki

Kile kitufe cha kuhifadhi kazi katika programu nyingi ni picha ya flopi. IBM iliitoa mwaka 1971: upana inchi 8, nafasi kilobaiti 80 hivi. Sony ilileta ya inchi 3.5 mwaka 1981, na kufikia 1987 diski ya ukubwa huo ilibeba megabaiti 1.44.

Mwaka 1998 Apple ilitoa iMac isiyo na mahali pa kutumbukiza flopi. CD na flashi zikatawala. Machi 2011 Sony ikaacha kuziuza Japani.

Ndugu msomaji, flopi yaweza kuwa nzima kabatini na tarakilishi ya kuisoma isipatikane. Usumaku nao hufifia. Tafuta draivu ya USB ya flopi, unakili faili zako mapema.