Jinsi ya kutambua kelele za klachi na giaboksi katika Land Rover za zamani

LAND Rover za zamani bado zinaonekana katika barabara za Mbeya, Iringa na Mufindi. Miongoni mwa matatizo yanayowasumbua wamiliki wake ni kelele zinazotoka chini ya sakafu, mahali ambapo macho hayafiki.

Kushusha giaboksi ya magari hayo si kazi ndogo. Katika matoleo ya Series II ya mwaka 1958, IIA yaliyofuata, na III yaliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, fundi hulazimika kung'oa sakafu na sanduku la viti, kisha kuinyanyua giaboksi kupitia ndani ya gari. Kwa sababu hiyo, inafaa chanzo cha kelele kijulikane kabla ya nati ya kwanza kufunguliwa.

Jambo la kuzingatia si aina ya sauti pekee, bali ni wakati gani inasikika.

Gari likiwa limesimama

Gari liegeshwe mahali tambarare, breki ya mkono ikiwa imevutwa, injini ikiunguruma na gia ikiwa huru. Pedali ya klachi ikiwa juu, injini huizungusha shafti ya kuingilia katika giaboksi. Ikikanyagwa, shafti hiyo husimama. Kwa hiyo kelele inayotoweka pedali inapokanyagwa hutoka ndani ya giaboksi, na mara nyingi ni beringi ya shafti hiyo.

Kelele ikianza pedali inapokanyagwa, wa kwanza kushukiwa ni beringi ya klachi, ile inayosukuma presha pleti. Mlio mwembamba wa aina hiyo waweza pia kutoka katika bushi ndogo iliyo mwishoni mwa kranki shafti. Kwa kuwa vyote viwili hufikiwa giaboksi ikiwa imeshushwa, ni busara kuvibadilisha kwa pamoja.

Gari likiwa katika mwendo

Katika giaboksi hizo, gia ya nne hupitisha nguvu moja kwa moja. Mvumo unaosikika katika gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha ukapungua katika ya nne, huashiria kulika kwa beringi za shafti ya chini. Kelele ya gia moja tu huelekeza kwenye meno ya gia hiyo. Kelele inayofuata kasi ya gari badala ya kasi ya injini yapasa kutafutwa katika giaboksi ndogo ya nyuma, propela shafti au difu.

Si kila kelele ni ubovu

Series II na IIA hazina sinkronaizi katika gia ya kwanza na ya pili. Meno hukwaruzana iwapo dereva atarudisha gia bila kukanyaga klachi mara mbili. Series III inayo katika gia zote nne za mbele. Ikikwaruza, mafuta ya klachi na hewa katika bomba lake vikaguliwe kwanza.

Aidha, katika asubuhi za baridi za Juni na Julai, oili huwa nzito na gia huingia kwa ugumu hadi ipate joto.

Kagua oili

Giaboksi kubwa na ndogo zina oili tofauti, na kila moja hupimwa peke yake. Chini ya nyumba ya klachi lipo tundu dogo: oili nyeusi na nyepesi ikidondoka hapo imetoka kwenye injini, iliyo nzito yenye harufu kali imetoka kwenye giaboksi. Tundu hilo likizibwa ili kuvuka maji na kisha likasahaulika, oili hujikusanya na kulowesha klachi, na gari hutetemeka linapoondoka.

Hatari ya miteremko

Dalili isiyopaswa kuvumiliwa kamwe ni gia kuchomoka yenyewe. Katika miteremko kama Kitonga mkoani Iringa au Iwambi jijini Mbeya, injini iliyo ndani ya gia husaidia kulizuia gari. Gia ikichomoka, mzigo wote hubaki kwa breki, nazo zikipata joto kupita kiasi hupoteza nguvu. Gari lenye dalili hiyo lisiteremke milima hiyo kabla ya kutengenezwa.