Jero ya Mlio

Kampuni ya simu ya Mobitel iliingia Tanzania mwaka 1994, lakini kwa miaka kadhaa simu ya mkononi Kariakoo ilibaki kuwa ya tajiri wa jumla na watu wachache wa karibu yake. Nokia zilipoanza kuzoeleka, wapagazi wa Mtaa wa Kongo wakawa wanapiga mbinja mlio wake huku wamebeba marobota. Kile ni kipande cha Gran Vals, kazi ya gitaa ya Mhispania Francisco Tárrega ya mwaka 1902. Mwenyewe alifariki mwaka 1909, na sijawahi kumsikia mtu yeyote Kariakoo akiuliza wimbo ule ni wa nani. Mazoea hayo ya kutouliza yaliota mizizi.

Vodacom ilianza mwaka 2000 na Celtel ikafuata mwaka 2001. Simu ikashuka kwa muuza mitumba, kwa dereva wa daladala, kwa mama ntilie. Wote hao hawakutaka kulia kama jirani. Kibanda cha mjomba wangu, jirani na Mtaa wa Aggrey, kiliuza vocha na kava, nami nikapewa kazi ya kutunga milio kwenye Nokia 3310.

Ilikuwa kazi ya kidole na sikio. Ukibonyeza 1 unapata do, 2 re, hadi 7 ambayo ni si. Namba 8 inafupisha noti, 9 inairefusha, 0 ni kimya, nyota inabadili oktava, na reli inaongeza nusu sauti. Noti mwisho 50. Wimbo mzima hauingii, kwa hiyo unaamua ni kipande gani abiria wa Mbagala atakitambua kabla mwenye simu hajapokea. Sauti ya mwimbaji ikigeuzwa pii-pii haieleweki. Kwa muziki wa dansi tulichukua gitaa la solo, kwa taarab tukachukua kinanda cha mwanzo. Nilikuwa na daftari la namba hizo tupu, kila ukurasa wimbo wake, na mteja alilipa jero.

Wengine walitaka milio miwili au mitatu kwa sababu ya kubipu. Muda wa maongezi ulikuwa ghali, watu wakasemezana kwa kengele: bipu moja nimefika, mbili nipigie. Simu iko mfukoni, mikono imeshika mzigo, unahitaji kujua kama ni mke au ni mdai. Mdai mara nyingi alipewa mlio mbaya kuliko yote.

Kadi za memori zilipokuja, daftari langu likawa la kufungia karanga. Kijana mwenye kompyuta na spika mbili barazani aliingiza nyimbo mia kwa bei ambayo mimi nilitoza kwa mmoja: Bongo Fleva, zilipendwa, kwaya, kaswida, kila kitu na folda yake. Kisha zikaja simu za Kichina. Nasema wazi, zile hazikuwa simu, zilikuwa spika zenye laini mbili. Moja ikilia Mtaa wa Narung'ombe, muuzaji anasimamisha bei aliyokuwa anaitaja.

Muda si mrefu kampuni za simu nazo zikaingia kwenye biashara na miito. Huu ulikuwa ujanja wa aina yake: unalipia wimbo usiousikia, anausikia anayekupigia. Salio linakatwa kidogo kidogo, na wapo, nami nikiwamo, waliokatwa bila kukumbuka walijiunga lini.

Mambo mawili yalitokea mwaka 2016. Mwezi Aprili, Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni ya simu ya Tigo iwalipe wasanii Mwana FA na AY zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kutumia nyimbo zao, "Usije Mjini" na "Dakika Moja", kama miito bila idhini yao. Kampuni ilikata rufaa. Mwezi Juni, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ikazima simu bandia, na nyingi kati ya zile spika za laini mbili zikanyamaza kwa usiku mmoja. La Juni lilizungumzwa zaidi vibandani, maana lilimgusa kila mtu mfukoni. Kwangu mimi la Aprili ndilo kubwa. Sheria ya Hakimiliki ilikuwapo tangu 1999, kabla sijabonyeza noti yangu ya kwanza, lakini mlolongo wote ule, kuanzia kibanda, kompyuta ya barazani mpaka kampuni, uliishi kwa wimbo wa mtu ambaye hakuwa kwenye foleni ya malipo.

Kijana unayerekodi leo, sajili kazi yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Na ukiletewa mkataba, tafuta kifungu cha miito kabla ya kutafuta mahali pa kusaini, uone asilimia yako imeandikwa kwa tarakimu.