Mchele uliofyatuliwa kwa mizinga

Mwaka 1904, kwenye Maonyesho ya Dunia mjini St. Louis, Marekani, watu walijazana kutazama mizinga minane ya shaba. Ndani hamkuwa na baruti. Ilitiwa mchele, ikafungwa kabisa na kupashwa moto, kisha midomo ikafunguliwa kwa ghafla. Kikasikika kishindo, na mchele ukarukia ndani ya tundu kubwa la waya ukiwa mweupe na mwepesi, kila punje imefutuka mara kadhaa kupita ukubwa wake wa kwanza.

Mwenye mizinga hiyo alikuwa mtaalamu wa mimea, Alexander P. Anderson, mzaliwa wa jimbo la Minnesota. Wala hakuwa akitafuta chakula cha asubuhi. Mwaka 1901, katika Bustani ya Mimea ya New York, alikuwa akichunguza kama kuna maji ndani ya chembe za wanga. Alitia wanga katika vioo vyembamba, akaviziba na kuvipasha moto, kisha akavivunja vingali vya moto. Vililipuka, na wanga ukaumuka.

Siri ni shinikizo. Maji yaliyobanwa hubaki maji hata joto lipite nyuzi 100. Yakiachiwa ghafla hugeuka mvuke papo hapo, nao huusukuma wanga uliolainika kutoka ndani. Mahindi ya bisi hayahitaji mzinga, kwa kuwa ganda lake gumu huubana mvuke mpaka lipasuke lenyewe. Mchele uliokobolewa hauna ganda. Mzinga wa Anderson ndio ulioshika nafasi hiyo.

Kampuni ya Quaker Oats iliuchukua uvumbuzi huo, lakini mauzo yalisuasua hadi alipoitwa mtu wa matangazo, Claude Hopkins. Alipandisha bei ya pakiti ya mchele kutoka senti 10 hadi 15, akamweka Anderson mwenyewe kwenye matangazo na kuwaambia wanunuzi kwamba chakula hicho kimefyatuliwa kwa mizinga. Watu wakakigombania.

Hata hivyo, mzinga si njia pekee. Nchini India, tangu zamani, mpunga huchemshwa, hukaushwa na kukobolewa, kisha mchele wake hukaangwa kwenye mchanga wa moto mpaka ufutuke. Kanuni ya kupika kwanza ndiyo inayotumika pia kwa Rice Krispies, punje za mchele uliofutuka zilizoingizwa sokoni na kampuni ya Kellogg mwaka 1928. Kiwandani mchele hupikwa kwa mvuke pamoja na sukari, chumvi na kimea. Hukaushwa kiasi, huachwa ili unyevu uliobaki uenee sawasawa, kisha hupitishwa kati ya rola zinazoubana kidogo bila kuuponda. Mwisho huingizwa katika oveni yenye joto kali, na kwa muda mfupi tu punje hufutuka.

Unyevu ndio unaoamua kila kitu. Ukipungua mno, hakuna mvuke wa kutosha. Ukizidi, punje haifutuki vizuri. Lakini kazi ikiisha, maji hayo hayo huwa adui: punje zikinyonya hewa yenye unyevu hulegea na kupoteza mlio wake. Ndiyo maana hufungwa katika mfuko usiopitisha unyevu, hata kama tayari zimo ndani ya boksi.