Magunzi Mia Mbili: Hoja Kuhusu Kuanzisha Kikundi cha Chakula Endelevu Ukambani

Anayetaka kuanzisha kikundi cha kujitolea kwa ajili ya chakula endelevu hukuta njia mbili zimeshakanyagwa na wengi. Ya kwanza ni ya bustani. Watu kumi na wawili wanaazima kipande cha ardhi ya shule au kanisa, wanapanda sukuma wiki na managu, wanapiga picha, na kiangazi kinapoingia hapatikani wa kumwagilia. Ya pili ni ya semina. Kikundi kinaandika katiba, kinatafuta mfadhili, na wanachama wanazoea kujitolea kwa posho. Posho ikikatika, na kujitolea kunakatika. Sioni sababu ya kuwalaumu wanachama hao. Mboga mtu anazo nyuma ya jikoni lake, na mawaidha ya lishe anayasikia redioni. Kikundi kimempa kile ambacho angekipata bila kikundi, kisha kinashangaa mbona haji mkutanoni.

Ninachodai hapa ni kwamba kikundi cha namna hiyo kianze na kazi ambayo mtu mmoja hawezi kuikamilisha hata ajitume vipi. Katika nyanda kavu za Machakos, Makueni na Kitui kazi hiyo ipo, nayo ni kutunza mbegu, hasa za mahindi.

Tuanze na mmea wenyewe. Mahindi huchavushwa na upepo: chavua hutoka kwenye mbelewele juu, ikapeperuka na kutua kwenye ndevu za gunzi la mmea mwingine, pengine katika shamba la mtu mwingine. Kwa hiyo mbegu ya mahindi si ya shamba moja kamwe. Mkulima anayechagua magunzi kumi yaliyojaza na kuyafanya mbegu, msimu baada ya msimu, atafurahia miaka michache ya mwanzo. Baadaye mimea itafupika na magunzi yatadogoka, maana ndugu wakizaliana na ndugu uzao hudhoofika, na mahindi hayana msamaha katika jambo hilo. Wanaohifadhi aina za mahindi hushauri mbegu itoke kwenye magunzi mia moja au zaidi, yachaguliwe katikati ya shamba mimea ikiwa bado imesimama, na shamba liwe mbali na mahindi ya aina nyingine. Kwa mbegu zinazothibitishwa, umbali unaotajwa kwa kawaida ni mita 200.

Nani mwenye nusu ekari anazo mita 200 za kuacha? Vitabu humpa njia ya pili: apande wiki tatu au nne baada ya jirani, ili maua yasikutane. Ushauri huo unafaa penye mvua za kutosha. Ukambani, ambako mvua za kutegemewa zaidi ni za vuli, Oktoba hadi Desemba, atakayechelewa wiki nne amekubali kula kidogo. Njia inayobaki ni ya majirani kukubaliana. Mashamba yanayopakana yapande aina moja, kila mtu achague magunzi ishirini kwake, yote yaletwe pamoja, yapukuchuliwe, yachanganywe na kugawanywa upya. Watu kumi kwa magunzi ishirini ni magunzi mia mbili. Inafurahisha kwamba Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 nchini Kenya nayo inataka kikundi kiwe na wanachama wasiopungua 10. Ni nadra sheria na jenetiki kufikia hesabu moja.

Nakiri kwamba hoja hii haina nguvu ileile kwa kila zao. Kunde na maharagwe hujichavusha, na bibi mmoja anaweza kutunza aina yake ya kunde katika chupa kwa miaka arobaini bila kumwomba mtu. Mbaazi zipo katikati, kwa kuwa nyuki huzichanganya. Lakini hata kwa kunde kuna jambo ambalo bibi huyo hawezi kulizuia peke yake: mwaka wa njaa. Mvua zikikatika mara mbili mfululizo, nyumba hula mbegu zake. Mtafiti anaweza kuliita hilo kupotea kwa anuwai. Mama wa nyumba anajua ni kupika kilichopo. Mbegu ikiwa imegawanywa katika nyumba kumi, nyumba tatu zikila, saba bado zina cha kupanda.

Anayedhani kwamba mbegu ni mambo ya kampuni na maduka ya pembejeo aangalie takwimu alizochapisha Shawn McGuire akiwa na Louise Sperling mwaka 2016, zilizokusanywa katika nchi sita, Kenya na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zikiwemo. Karibu asilimia 90 ya mbegu za wakulima wadogo zilitoka nje ya mfumo rasmi, na asilimia 51 zilinunuliwa katika masoko ya kawaida ya nafaka. Nukta hii ya pili haijazingatiwa vya kutosha. Ina maana kwamba muuza mbegu mkubwa kuliko wote ni mama aliyeketi sokoni na magunia yake wazi, anayepima kunde na ndengu kwa gorogoro, na anayejua mzigo upi umetoka Kibwezi na upi umetoka mbali kiasi kwamba hautastahimili kiangazi. Kikundi kinachoanza bila yeye, kikaanza na mwalimu mstaafu na afisa wa kata tu, kimeacha maktaba nje ya mlango.

Swali la jinsi ya kuwapanga watu halihitaji kuagizwa kutoka mbali. Wakamba wana mwethya, kazi ya zamu ambapo majirani hulima kwa mmoja leo na kwa mwingine kesho, mwenye shamba akiwapa chakula. Historia yake ina funzo chungu. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni, ikiwa na hofu ya mmomonyoko wa udongo Machakos, iliwakusanya watu kwa amri kuchimba matuta, na matuta hayo yalichukiwa. Kuanzia miaka ya 1950 vikundi viliachiwa kuchagua viongozi wao na aina ya tuta walilolitaka, na kazi ikaenea. Ndipo likashamiri tuta la fanya juu, ambalo mchimbaji hutupa udongo upande wa juu wa mtaro. Jina hilo la Kiswahili limebaki hivyo hivyo hata katika vitabu vya Kiingereza vya hifadhi ya udongo. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walieleza katika utafiti wao wa mwaka 1994 jinsi idadi ya watu ilivyopanda kutoka kiasi cha 240,000 katika miaka ya 1930 hadi milioni 1.4 hivi mwaka 1990, huku mmomonyoko ukipungua. Wapo wasomi waliowapinga, wakionyesha kwamba faida haikufika sawa kwa matajiri na maskini, na naona pingamizi hilo lina uzito. Hata hivyo jambo moja linasimama: mikono ilikuwa ileile, majembe yaleyale, na mengi ya mabega yaliyobeba kazi yalikuwa ya wanawake. Kilichobadilika ni nani aliyeamua.

Kwa hiyo anayeanzisha kikundi asije na orodha ya mimea anayoitaka irudi. Hapo ndipo wanaharakati wengi, na mimi ni mmoja wa wanaowaunga mkono, hukosea kwa mapenzi mema. Wanazungumza juu ya mbegu za asili kana kwamba kuna siku zilishuka pamoja na mababu. Mahindi na mihogo asili yake ni Amerika. Aina ya Kinyanya, inayosifiwa Ukambani kama ya kienyeji, ni mahindi kama mengine. Aina ya Katumani ilitengenezwa na watafiti wa kituo cha Katumani, karibu na mji wa Machakos, katika miaka ya 1960, ili ikomae kabla mvua haijaisha. Na kwa kuwa si chotara, wakulima waliitunza, wakaichanganya na za kwao, wakaifanya yao. Kigezo cha maana basi si umri wa mbegu wala kabila lake. Ni kama aliyeivuna anaweza kuipanda tena na ikamrudishia. Ningependelea tuseme mbegu za wakulima, ingawa najua neno asili limeshazoeleka na linauza fulana.

Neno hilo limeingia hata katika Katiba ya Kenya ya 2010, ambayo katika ibara ya 11 inalitaka Bunge litunge sheria ya kulinda umiliki wa mbegu na aina za mimea za asili. Miaka miwili tu baadaye Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea ilirekebishwa kwa namna iliyomweka mkulima anayeuza au kubadilishana mbegu zisizothibitishwa katika hatari ya kifungo cha hadi miaka miwili, au faini ya hadi shilingi milioni moja, au vyote viwili. Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya Machakos, na Novemba 2025 mahakama ikatamka kwamba vifungu vilivyogeuza desturi hiyo kuwa kosa vinakiuka Katiba. Tanzania imechukua njia nyingine: mbegu za kuazimiwa ubora, ambazo mkulima aliyesajiliwa huzizalisha chini ya ukaguzi mwepesi na kuziuza katika eneo lake. Siioni njia hiyo kuwa mbaya, ila inamfaa anayetaka kuuza. Haimgusi shangazi anayempa mpwa wake kibaba cha mbaazi harusini.

Pingamizi zito zaidi halitoki kwa wanasheria. Linatoka kwa wataalamu wa magonjwa ya mimea, na wana haki. Mkono unaogawa mbegu hugawa na maradhi. Batobato ya mihogo ilielezwa na mtafiti Warburg mwaka 1894 kutoka eneo la Usambara. Michirizi kahawia, ugonjwa mwingine wa mihogo, ilielezwa na mtafiti Storey, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, mwaka 1936. Na yote mawili husafiri ndani ya vipande vya shina ambavyo jirani humpa jirani kwa moyo mweupe. Mwaka 2011 ugonjwa unaokausha mahindi yangali mabichi ulionekana Bomet, na virusi vyake vinaweza, ingawa kwa kiwango kidogo, kupita ndani ya mbegu. Anayejibu kwamba wazee waligawana bila shida hajajibu kitu. Jibu ni utaratibu: mihogo isigawanywe kabisa katika mwaka wa kwanza, mmea wenye dalili ung'olewe mapema, wala usisubiriwe uzae, na kila mwanachama akubali wenzake waingie shambani kwake kabla ya mavuno. Sharti hili la mwisho ndilo gumu, kwa sababu shamba ni siri ya mtu. Lakini ndilo linalotofautisha kikundi na mkusanyiko wa marafiki.

Kisha kuna ghala. Mwaka 2004 sumukuvu katika mahindi ya nyumbani iliwapata watu 317 waliorekodiwa, wengi wao wa Makueni na Kitui, na 125 wakafariki. Mahindi yale yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa na unyevu. Kikundi kinachojiita cha chakula endelevu katika maeneo yale, kisha kisijue kupima ukavu wa nafaka, kinacheza. Na kipimo hakihitaji mfadhili: chukua chupa kavu, tia mahindi kiasi na kijiko cha chumvi iliyoanikwa ikakauka kabisa, funga, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, nafaka irudi juani. Turubai moja la pamoja, lisilowekwa kwa mwenyekiti bali likizunguka kwa zamu kama mwethya wenyewe, lina thamani kuliko semina tatu. Kwa mbegu, jivu na chombo kisichopitisha hewa humzuia fukusi vizuri. Dumuzi, aliyeingia Afrika Mashariki kupitia Tabora, Tanzania, mwishoni mwa miaka ya 1970, ni mkaidi zaidi.

Wa mjini nitawataja kwa ufupi. Mtu wa Nairobi asiye na shamba hana haja ya kupanda nyanya kwenye ndoo ili ajione yumo. Anunue muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, wa aina iliyopandwa na kikundi, aulipie bei inayomfanya mkulima apande tena, na awe tayari mwaka mwingine kuambiwa hakuna.

Limebaki jambo litakalozua ugomvi wa kwanza, na ni heri lizuke mapema, kabla ya mvua za Oktoba: riba. Anayekopa gorogoro moja la mbegu arudishe ngapi? Moja na nusu hujaza ghala taratibu na haimkandamizi mtu. Mbili hujaza haraka, lakini mjane mwenye robo ekari ataogopa kukopa. Na mvua zikikatika, je, deni linasubiri msimu ujao au linafutwa? Watu kumi wakiweza kukaa chini ya mwembe wakalijadili hilo hadi jua lizame bila mtu kuondoka, kikundi kimeshaanza, hata kama hakijapewa jina.