Manamba wa Songea na Hofu ya Roboti

Swali la iwapo roboti zitawanyang'anya watu kazi husikika leo hata Lizaboni, mjini Songea. Historia ya Ungoni ina la kutufundisha.

Enzi za ukoloni, vijana wengi wa Songea walisafiri hadi Tanga kukata mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, chombo cha kuandikisha vibarua. Kila kibarua alipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Kiwandani, mashine ya korona ilikwangua majani na kubakiza nyuzi kwa kasi ambayo mikono isingeifikia. Hata hivyo, haikumwondoa mkataji shambani. Ilimhitaji zaidi, kwa kuwa ilimeza majani mengi kila siku.

Pigo lilitoka kwingine. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge. Kisha nyuzi za plastiki kutoka viwanda vya ng'ambo zikaporomosha bei. Usimamizi dhaifu baada ya utaifishaji wa mwaka 1967 ukaongeza uzito wa pigo hilo. Mashamba mengi yakageuka vichaka. Mkataji hakuwahi kuiona mashine iliyomkosesha riziki, wala hakuulizwa neno.

Basi tusiikodolee macho mashine iliyo mbele yetu tu. Tuulize: ni ya nani, faida yake yaenda wapi, na anayepoteza kazi ataachiwa nini? Manamba hawakuwa na wa kuwaulizia. Mtumishi wa umma wa leo anao wajibu wa kuuliza mapema.