Boma, Gereza na Mwana wa Butiama

Historia ya magereza ya kikoloni katika nchi yetu ilianzia bomani. Enzi za Wajerumani boma lilikuwa ngome ya askari, ofisi ya kodi, mahakama na gereza kwa pamoja. Na huku kwetu Mara ngome ya namna hiyo ilijengwa Ikoma, mashariki ya Bunda. Wafungwa walifungwa minyororo shingoni, wakapelekwa kazini kwa misururu. Adhabu ya viboko 25 wananchi waliiita "hamsa ishirini". Waingereza, waliotwaa nchi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, nao waliwafunga au kuwatumikisha walioshindwa kulipa kodi. Hivyo miongoni mwa waliovuka lango la gereza walikuwamo watu ambao kosa lao lilikuwa ufukara.

Mwaka 1958 lango hilo lilimkabili Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama aliyesoma shule ya Mwisenge, Musoma. Alishtakiwa kwa makala katika Sauti ya TANU iliyowalaumu mabwana shauri wa Geita na Songea. Alitetewa na D. N. Pritt, wakili wa Jomo Kenyatta, ambaye wakati huo alikuwa bado kifungoni Lokitaung, Kenya. Mwezi Agosti alihukumiwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ililipwa, naye akabaki huru kuongoza chama katika uchaguzi wa Septemba.

Uhuru ulipatikana mwaka 1961. Lakini bendera ilishuka, gereza likabaki. Mwaka 1962 ilitungwa sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Mwaka 1963 sheria nyingine iliamuru wahalifu wa makosa fulani wachapwe viboko 24: 12 waingiapo gerezani na 12 watokapo. Tume ya Jaji Nyalali, katika taarifa yake ya mwaka 1992, iliitaja ile ya kizuizini miongoni mwa sheria 40 zilizostahili kufutwa au kurekebishwa.

Hayo hayasemwi ili kumpunguzia heshima Baba wa Taifa. Yasemwa kwa sababu hata mikono safi ikikabidhiwa funguo za boma yaweza kuzizungusha kama walivyozizungusha wenye boma. Kwa hiyo Kanisa lina wajibu katika kila utawala. Katika Mathayo 25 Bwana alijihesabu pamoja na waliofungwa, wala hakuuliza kwanza ni nani aliyewafunga.