Mafundi wa Vyombo na Viti vya Ufukweni

Mtu akitembea katika miji ya kale ya mwambao wetu, toka Lamu hadi Unguja, ataona jambo ambalo wengi hulipita bila kulitafakari. Nje ya nyumba, mahali pa kukaa ni baraza ya mawe na chokaa; kiti cha mbao kimo ndani. Kiti cha enzi, kilichoundwa kwa mpingo, kikatiwa njumu za pembe na mifupa, kilikuwa heshima ya mgeni sebuleni. Hakikuundwa kinyeshewe. Wazee wetu walijua ya kuwa jua, mvua na chumvi ni maadui watatu wa mbao.

Hata hivyo, ilikuwapo kazi moja ya mbao iliyowakabili maadui hao usiku na mchana, nayo ni chombo cha baharini.

Hoteli za ufukweni zilipozidi kujengwa katika miaka ya 1960 na 1970, lilizuka hitaji jipya: viti na vitanda vya kupumzikia kando ya bwawa la kuogelea. Katika safari zangu za kazi nilifikia hoteli moja ambayo viti vyake viliagizwa ng'ambo. Misumari ilikuwa imeliwa na kutu, mbao zimepasuka, miguu imeoza. Hatua chache kutoka hapo, mashua ya mvuvi ilikuwa imepandishwa mchangani, nayo ni kuukuu kuliko viti vile, lakini bado nzima. Nikajiuliza: ni nani aliyestahili kuulizwa kwanza?

Fundi wa chombo huanza kwa kuteua mti. Hutaka kiini cha mbambakofi, mvule au msaji, maana sehemu nyeupe iliyo karibu na gome huliwa upesi na wadudu na kuoza. Msaji, ambao wengine huuita mtiki, una mafuta yake ya asili. Zamani mbao zake zililetwa kwa majahazi kutoka Bara Hindi. Wajerumani waliupanda Tanganyika mwaka 1898, na baadaye mashamba ya serikali yakawapo Longuza, wilayani Muheza, na Mtibwa, mkoani Morogoro. Mti tulioununua ng'ambo sasa tunao wenyewe.

Pili, fundi huheshimu nyuzi za mti. Mataruma, yaani mbavu za chombo, huchongwa kwa tezo kutoka katika matawi yaliyopinda yenyewe. Mgongo wa kiti uliopinda, ukikatwa katika ubao ulionyoka, huvunjika pale nyuzi zilipokatika.

Tatu, hutoboa kwa keke kabla ya kupigilia msumari, ubao usipasuke. Katika kiti, ni bora ulimi wa ubao uingie tunduni na kukazwa kwa kijiti cha mti mgumu. Panapohitajika madini, iwe shaba. Jambo hili si geni kwetu: mtepe wa kale ulishonwa kwa kamba za makumbi, bila msumari.

Nne, kazi yake haiishi. Chombo hupandishwa, hutiwa kalafati, hupakwa sifa, na chini yake deheni. Mgeni wa hoteli hatavumilia harufu ya sifa, lakini mafuta mengine ya mbao yapo, na kanuni ni ile ile.

Kiti hutofautiana na chombo kwa jambo moja. Chombo huyazuia maji yasiingie. Kiti huyapisha yapite. Kwa hiyo mbao za kukalia ziachiane nafasi, na miguu ikanyage jiwe, isisimame katika maji ya bwawa. Hapo baraza nayo imetoa fundisho lake.

Leo mvule na mbambakofi vimeadimika, na mashua za faiba zimeingia bandarini. Fundi mzee akifariki bila mwanafunzi, elimu yote hii huzikwa naye. Basi mwalimu awapeleke wanafunzi wake pwani wakamsikilize angali hai, na wapande mti kabla ya kuukata mwingine. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.